James Clerk Maxwell

James Clerk Maxwell (Edinburgh, 13 Juni 1831 – Cambridge, 5 Novemba 1879) alikuwa mwanafizikia na mwanahisabati kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kwa milinganyo yake inayounganisha umeme, usumaku na nuru.

Picha ya rangi

Mwaka 1861, mjini London, Maxwell alionyesha kwamba rangi nyingi hupatikana kwa kuchanganya nuru nyekundu, ya kijani na ya buluu. Thomas Sutton alimpigia picha utepe mmoja mara tatu, kila mara kupitia kichujio cha rangi moja kati ya hizo. Picha hizo, ambazo zenyewe hazikuwa na rangi, zilirushwa ukutani kwa pamoja kupitia vichujio vilevile, na rangi za utepe zikaonekana.

Kemikali za Sutton hazikuweza kuhisi nuru nyekundu. Karne moja baadaye watafiti waligundua kwamba kichujio chekundu kilipitisha pia miali ya urujuanimno, iliyoakisiwa na sehemu nyekundu za utepe. Jaribio lilifaulu kwa bahati, lakini kanuni yenyewe ilikuwa sahihi.

Urithi

Televisheni ya rangi, iliyoanza Zanzibar katika miaka ya 1970, hutumia kanuni hiyo. Programu ya kompyuta nayo hutenganisha kila fremu ya video katika chaneli tatu: kila nukta huwa na namba tatu, kwa kawaida kati ya 0 na 255.