Muybridge: picha zake, jina la mwingine

Leo nawaletea habari za Eadweard Muybridge, mpigapicha aliyewaonyesha watu kile ambacho macho yao hayakuweza kukidaka.

Alizaliwa Kingston, Uingereza, mwaka 1830. Akahamia Marekani na kujijengea jina San Francisco. Simsifu kwa yote: mwaka 1874 alimpiga risasi na kumuua mwanamume aliyekuwa na uhusiano na mkewe, na mwaka uliofuata mahakama ikamwachilia.

Tajiri wa reli, Leland Stanford, alikuwa na farasi wa mashindano, naye alitaka kujua jambo moja. Farasi akiwa mbioni, je, kuna wakati kwato zote nne huwa hewani? Juni 1878, huko Palo Alto, California, Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia, akatandika nyuzi zikikatiza njia hiyo. Kila uzi uliogongwa ulifyatua kamera yake. Waandishi wa habari waliitwa washuhudie, asije mtu akadai picha zimechezewa.

Jibu likawa ndiyo. Lakini farasi akienda shoti, miguu huwa hewani ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Wachoraji wa Ulaya walikuwa wameichora imenyooshwa mbele na nyuma kwa miaka mingi.

Mwaka 1882 kikatoka kitabu kuhusu picha hizo, kwa ufadhili wa Stanford. Mwandishi alitajwa kuwa daktari rafiki yake, J. D. B. Stillman. Ukurasa wa mbele haukuwa na jina la Muybridge. Wanasayansi wa London waliokuwa tayari kuchapisha kazi yake wakamtilia shaka. Alishtaki, akashindwa.

Hakukaa akalia. Alianza upya katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1887 akatoa mabamba 781 ya picha za watu na wanyama wakitembea, wakikimbia na kuruka. Alifariki Kingston mwaka 1904. Leo ni yeye anayetajwa, Stillman wachache wanamjua.

Nawaambia vijana wetu wa Pwani wanaobeba kamera kwenye maulidi, harusi na mashindano ya majahazi: msingoje historia iwatetee. Muybridge alingoja, na haki yake ilichelewa. Dini yetu imetufundisha kuandikiana tunapokopeshana. Basi na kazi ya kamera iandikiwe, picha ni ya nani na jina litakaa wapi, kabla hamjabonyeza kitufe.