Mario Puzo, Mwandishi Aliyeandamwa na Madeni



Muhula huu nimesoma The Godfather kwa mara ya kwanza. Filamu yake sote tunaijua, wengine tuliiona kwenye kanda za video zilizochakaa hata sura hazionekani vizuri. Kitabu chenyewe nilikuwa sijakigusa. Nilidhani ni hadithi ya bastola tu. Kumbe ni hadithi ya madeni! Kinaanzia mahakamani New York, mzee mmoja mhamiaji kutoka Italia, ambaye kazi yake ni kuandaa maiti na kuzika, ameketi akiwatazama vijana wawili waliompiga na kumuumiza binti yake wakiachiwa waende zao nyumbani. Miaka yote ameiamini Marekani na sheria zake. Siku hiyo ndipo anapokumbuka kwamba yupo mtu wa kwao, Don Corleone, ambaye amekuwa akimkwepa. Don hataki pesa zake. Don anakopesha fadhila, na siku ya kulipa anaichagua yeye.

Nikajiuliza, huyu aliyeandika haya aliyajulia wapi? Alikuwa jambazi? Nikaanza kumtafuta maktabani, na niliyoyakuta ndiyo haya.

Mario Puzo alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1920 New York, mtaa wa Hell's Kitchen, ambao wakati huo ulikuwa mtaa wa maskini kandokando ya njia za treni. Wazazi wake walitoka Pietradefusi, upande wa Napoli. Yaani si watu wa Sicily hata kidogo. Baba alikuwa kibarua wa reli. Mario alipokuwa na miaka 12 hivi, baba akaugua akili akapelekwa hospitalini, na mama, Maria, akabaki na kundi la watoto wa kulisha. Mama huyo alikuwa na ndoto moja kubwa kwa mwanawe: awe karani wa reli. Kazi ya kalamu na mshahara wa kila mwezi, basi. Mtoto mwenyewe alishaanza kuazima vitabu na kusoma Dostoevsky, akasema atakuwa mwandishi. Nadhani mnaweza kukisia mama alivyopokea habari hizo. Wangapi kati yetu tumewahi kutamka nyumbani kwamba tunataka kusoma fasihi?

Vita ya Pili ya Dunia ikamtoa mtaani. Macho yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo mstari wa mbele hakupelekwa. Alifanya kazi nyingine za jeshi na akafika Ujerumani. Huko akampata mke, Erika. Waliporudi New York akasoma New School na Columbia, akawa karani wa serikali, na watoto wakafika watano. Kitabu chake cha kwanza, The Dark Arena, kilitoka mwaka 1955. Cha pili, The Fortunate Pilgrim, ni cha mama mhamiaji anayelea watoto peke yake New York, na kilitoka mwaka 1965. Wahakiki walivisifu. Vyote viwili vilimwingizia dola 6,500 tu. Miaka kumi ya kazi hiyo!

Kuna kisa kimoja ambacho kilinifanya nifunge kitabu kwanza. Usiku mmoja wa Krismasi, katika miaka hiyo, nyongo ilimbana vibaya, akapanda teksi kwenda hospitali ya askari wastaafu. Aliposhuka akaanguka mtaroni. Akiwa amelala pale akawaza kwamba yeye ni mwandishi aliyechapishwa na anakufa kama mbwa. Akaapa atatafuta pesa na jina.

Basi alipofika miaka 45 alikuwa anadaiwa dola 20,000. Wadai wenyewe walikuwa ndugu, mabenki, kampuni za mikopo, na watu wa kamari, maana jamaa kamari aliipenda mno, tusimfiche. Mhariri mmoja alishamwambia kwamba kile kitabu cha mama kingeuzika kama kingekuwa na Mafia zaidi. Akaandika muhtasari wa hadithi ya Mafia, wachapishaji wake wakaukataa. Kwa bahati akafikishwa kwa wahariri wa Putnam, akakaa nao saa moja akiwapigia hadithi za majambazi, wakampa dola 5,000 za kuanzia. Jambazi halisi hakuwahi kumjua hata mmoja. Yote yalitoka vitabuni na katika masimulizi. Huku akiendelea kuandikia magazeti ya wanaume hadithi za vita, kwa jina la Mario Cleri, ili watoto wale.

Alikimaliza Julai 1968, na sababu yake itawagusa. Mkewe hakuwa ameonana na ndugu zake kwa miaka 20, naye alikuwa amemwahidi kwamba mwaka huo watakwenda Ulaya. Malipo ya mwisho, dola 1,200, yalikuwa hayatolewi mpaka akabidhi mswada. Akakabidhi, wakaondoka wote na watoto, na safari nzima ikaendeshwa kwa kadi za mkopo. Waliporudi alikuwa na deni jipya la dola 8,000.

Halafu ikaja simu. Haki za toleo la bei nafuu zilikuwa zimeuzwa kwa dola 410,000. Akampigia mama yake. Mama akasikia 40,000. Akarudia mara kadhaa mpaka mama akaelewa, na alichojibu ni kumwonya asimwambie mtu yeyote. Mimi hapo nilicheka peke yangu hadi watu wakageuka, maana huyo ni mama yangu kabisa.

Kitabu kilitoka Machi 1969, kikakaa wiki 67 katika orodha ya vitabu vinavyouzika zaidi ya New York Times. Filamu ilifuata mwaka 1972, na Puzo pamoja na Francis Ford Coppola wakapata tuzo za Oscar kwa kuandika filamu ya kwanza na ya pili. Vitabu vingine vilifuata pia, sitavitaja vyote. Alifariki tarehe 2 Julai 1999, Bay Shore, New York, akiwa na miaka 78.

Kwa maoni yangu, The Godfather ina sehemu dhaifu. Kurasa za Hollywood na Las Vegas zinachosha, na wanawake wengi mle ndani ni mapambo tu. Mwenyewe alikiri kwamba angekiandika vizuri zaidi kama angejua kitasomwa na watu wengi hivyo. Kitabu alichokipenda hadi mwisho ni kile cha mama, kilichomletea njaa. Na katika miaka ya 1990 alieleza jambo ambalo sikulitegemea: kila Don Corleone alipofungua kinywa, sauti aliyokuwa akiisikia yeye ilikuwa ya mama yake. Busara zile, ukali ule, na ile hesabu ya nani amemfanyia nani nini, vyote ni vya yule mama wa Hell's Kitchen aliyetaka mwanawe awe karani wa reli.

The Fortunate Pilgrim ipo maktabani kwetu, nakala moja. Kwa sasa ninayo mimi, nitairudisha kabla ya mitihani.