Deni la Msomi: Maisha ya Hayati Dk. Eduardo Mondlane

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike habari za mtu mashuhuri ambaye maisha yake yamenifunza jambo. Bila kusita nilimchagua hayati Dk. Eduardo Mondlane. Sisi sote tulilikariri jina lake kwa ajili ya mtihani wa historia: FRELIMO, 1962, Dar es Salaam, basi. Mimi nilikuja kumjua vizuri baadaye, nikiwa masomoni ng'ambo, tena wakati ambapo nilikuwa na haja naye. Hilo nitalieleza mwishoni.

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni, 1920, katika kijiji cha Nwadjahane, jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na utoto wake aliupitisha machungani. Mama yake ndiye aliyemhimiza kusoma, ili azijue mbinu za hao waliokuwa wakiwatawala. Akaanza katika shule za misheni. Lakini chini ya Mreno mlango wa sekondari ulikuwa umefungwa kwa Mwafrika kama yeye. Kwa hiyo alivuka mpaka kwenda kusoma Afrika Kusini, na mwishowe akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg.

Hapo hakukaa. Serikali ya makaburu iliyoshika madaraka mwaka 1948 ilikataa kumwongezea kibali, na mwaka 1949 akafukuzwa nchini. Mwaka huo huo, mjini Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, yeye na wenzake walianzisha NESAM, chama cha wanafunzi Waafrika wa sekondari. Kwa nje kilikuwa chama cha masomo na utamaduni. Kwa ndani vijana walijifunza kujiona kuwa ni watu wenye nchi yao. Wakoloni walilitambua hilo upesi. Walimkamata na kumhoji, kisha wakaona heri aende kusoma Lisbon, makao makuu ya himaya yao, ambako walidhani atakuwa mbali na watu wake.

Hesabu hiyo waliikosea. Mwaka 1950 Mondlane alipofika Lisbon aliwakuta vijana wengine wa Afrika: Amílcar Cabral, aliyesomea kilimo, na Agostinho Neto wa Angola, aliyesomea udaktari. Vijana hawa walikuwa wamefundishwa tangu utotoni mito na wafalme wa Ureno, huku habari za kwao wakizijua kidogo tu. Basi wakaanza kufundishana wao kwa wao historia, lugha na hali za makoloni yao. Mwana wa Angola na mwana wa Msumbiji walipolinganisha habari za kazi za shokoa na kodi, waligundua kwamba ugonjwa wao ni mmoja. Makachero wa Salazar waliwaandama, na chumba cha Mondlane kilipekuliwa mara kwa mara. Mwaka 1951 akapata ufadhili wa kwenda Marekani.

Huko aliingia Chuo cha Oberlin akiwa na miaka 31, umri ambao wengi wetu tulikuwa tumekwisha kusahau madaftari. Alipata digrii ya kwanza mwaka 1953, na mwaka 1960 akapata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Northwestern. Alimwoa Janet Rae Johnson, Mmarekani. Tangu 1957 alifanya kazi Umoja wa Mataifa, katika idara ya nchi za udhamini, na ndiko alikofahamiana na Mwalimu Nyerere, aliyekwenda kuitetea Tanganyika. Baadaye akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Syracuse.

Tazameni basi mtu huyu alipofika: kazi nzuri, nyumba, mke na watoto. Lakini mwaka 1961 alikuwa amezuru Msumbiji, na watu wa kwao walimjia kwa wingi wakimweleza shida zao. Tarehe 25 Juni, 1962, vyama vitatu viliungana Dar es Salaam kuwa FRELIMO, naye akachaguliwa Rais. Mwaka 1963 aliiacha Syracuse akahamia Dar es Salaam. Mwaka huo ilianzishwa pia Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wakimbizi, chini ya uongozi wa mama Janet. Tarehe 25 Septemba, 1964, vita vya ukombozi vikaanza.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ile ya mwaka 1968. Baadhi ya wanafunzi waliopelekwa Ulaya na Marekani kwa jina la FRELIMO walikataa kurudi. Walisema kwamba vita ni vya wakulima, na kwamba msomi ana nafasi yake ya peke yake. Katika Taasisi ya Dar es Salaam zilizuka fujo kwa sababu zinazofanana na hizo, na shule ikafungwa. Mondlane, aliyekuwa na shahada kuwapita wote, alishikilia kwamba elimu si cheti cha kukwepa jasho la wenzako; aliyesoma ana deni kubwa zaidi kuliko asiyesoma. Wangeweza kumpinga kwa maneno, lakini hawakuweza kumwambia kwamba yeye mwenyewe hakurudi.

Tarehe 3 Februari, 1969, alifungua kifurushi cha kitabu katika nyumba moja ya Oyster Bay, Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na bomu. Alifariki akiwa na miaka 48. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, 1975, na mwaka 1976 chuo kikuu cha Maputo kikapewa jina lake.

Sasa nieleze lililo langu. Nilipelekwa Uingereza kwa fedha za serikali, nikiwa nimetia sahihi mkataba wa kurudi. Nilipomaliza nilipata kazi ya mshahara mara sita ya ule wa nyumbani, nikakaa miezi minane bila kujibu barua za ofisi. Katika maktaba ya chuo nilikutana na maisha ya Mondlane, nami nikasoma habari za wale waliokataa kurudi. Nilijiona miongoni mwao. Mwezi uliofuata nilipanda ndege. Sisemi kwamba tangu hapo sikujuta; mwisho wa mwezi ukifika, hujuta. Lakini leo ofisini kwangu hupita faili za vijana waliokwenda masomoni, na ninapomwandikia aliyechelewa kurudi, namwandikia kama mtu aliyewahi kuchelewa.

Ndugu zangu, shule yetu ilitusomesha kwa kodi ya watu ambao wengi wao hawakuvuka darasa la nne. Tutakapokutana, pamoja na kukumbushana ugali wa bwenini na kengele ya alfajiri, tuulizane pia: nani kati yetu amekwisha kulipa?