Hemingway: Mwandishi aliyepita Babati na usingizi wake wa mang'amung'amu

Ernest Hemingway anajulikana zaidi kwa hadithi ya theluji ya Kilimanjaro. Wachache wanajua kwamba Babati nayo imo kwenye kitabu chake, na kwamba jamaa alisumbuliwa na kukosa usingizi tangu ujana.

Tatizo lilianzia Italia, usiku wa Julai 8, 1918. Mmarekani huyo, miaka 18 tu, alikuwa anajitolea Msalaba Mwekundu, akiwapelekea askari chokoleti na sigara kwenye mahandaki karibu na Fossalta. Kombora likaangukia jirani yake. Miguu ilijaa vipande vya chuma, ikapona. Lakini kwa muda mrefu baadaye hakuweza kulala taa ikizimwa.

Mwaka 1927 alichapisha hadithi fupi, Now I Lay Me, ya askari majeruhi anayeamini kwamba akifumba macho gizani roho itamtoka. Ili kukuche, anavua samaki kichwani. Anaufuata mto wa utotoni kona kwa kona, anatafuta chambo, mchana anapumzika kula. Mito anayoijua ikiisha, anabuni mingine. Usiku mwingine anawaombea watu wote aliowahi kuwafahamu. Askari ni wa kubuni, jeraha ni la Hemingway mwenyewe.

Desemba 1933 alitua Mombasa na mkewe Pauline kwa safari ya kuwinda. Januari akashikwa na kuhara damu, ndege ikamtoa porini hadi Nairobi. Alipopona walishuka kusini, wakapita Babati kuelekea Kondoa na Handeni. Katika Green Hills of Africa, kilichotoka 1935, anasimulia jinsi alivyokuwa akishtuka usiku na kubaki macho, akisikiliza, ameshaanza kuikumbuka Afrika kabla hata hajaondoka. Kukesha kulikuwepo, ila safari hii ni kwa hamu, siyo hofu.

Kazi nayo ilimsaidia: aliamka alfajiri na kuandika. Pombe ndiyo ilimponza. Inakulaza haraka, halafu saa nane usiku uko macho na mawazo mazito kuliko ya jana.

Januari 1954 alipata ajali mbili za ndege Uganda ndani ya siku mbili, akaumia kichwa vibaya. Magazeti yakatangaza amekufa. Mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel, akashindwa kwenda kuipokea kwa sababu ya afya. Kati ya 1960 na 1961 alilazwa kliniki ya Mayo, Marekani, akatibiwa sonona kwa mshtuko wa umeme. Alilalamika kwamba matibabu yamemfutia kumbukumbu, na kuandika kukawa kazi ngumu kabisa.

Alijitoa uhai nyumbani kwake Ketchum, Idaho, Julai 2, 1961. Baba yake naye alikufa hivyo mwaka 1928.

Mwanawe Patrick aliishi Tanganyika miaka mingi, akafundisha Chuo cha Wanyamapori Mweka. Ndiye aliyehariri maandishi ambayo baba yake hakuyamaliza kuhusu safari ya pili ya Afrika, yakatoka kitabu mwaka 1999.