Feza ya posta: deni la Patrice Lumumba na wenzake waliolichangia



Katika mkutano wetu wa mwisho tuligawanyika. Wengine walitaka sanduku la msaada liwalipie deni wanachama waliobanwa na banki lambert. Wengine walikataa kabisa: sanduku ni la mgonjwa, la mfiwa na la mtoto wa masomo, si la mtu aliyekula feza yake akaimaliza. Tulitoka bila kupatana. Kwa hiyo, kwa toleo hili, tumechagua maisha ya mtu ambaye kila mmoja katika inchi hii anamjua kwa siasa. Lakini wachache wanajua kwamba yeye pia alishindwa na matumizi ya nyumba, akafungwa kwa ajili ya feza, na wenzake wakamchangia. Mtu huyo ni Patrice Emery Lumumba.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, upande wa Katako-Kombe, katika Sankuru ya leo. Watu wake walikuwa Watetela, wakulima wa kawaida. Alisoma kwa wamisioni, Waprotestanti na Wakatoliki. Kabla ya kufika miaka 20 aliacha kijiji, akaenda Maniema, akapata kazi katika kampuni ya kuchimba bati. Siye wa Lualaba tunaijua safari ya namna hiyo. Kijana anafunga nguo zake, anafuata mahali ambapo udongo unalipa, na nyumbani wanabaki wakingoja atume kitu.

Mwaka 1944 alifika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Huko akaingia kazi ya ukarani. Posta ilimpeleka Léopoldville kwenye shule yake, akarudi na cheti, akafanya kazi Yangambi, kisha Stanleyville tena, mpaka akakabidhiwa hesabu katika ofisi ya cheki za posta. Usiku alisoma vitabu, akaandika makala katika magazeti. Watu walimpenda, wakamchagua kuongoza vyama vingi: chama cha watu wa posta, chama cha wafanyakazi Waafrika wa serikali, na chama cha evoluwe wa Stanleyville. Mwaka 1951 alimwoa Pauline Opango, na watoto wakaanza kuzaliwa.

Hapa tueleze kidogo neno hilo, evoluwe. Wabelgiji walimwita hivyo Mwafrika aliyesoma na kuishi kwa desturi za Kizungu. Kwa wachache kabisa kulikuwa na karte ya imatrikulasioni, iliyowapa haki fulani karibu na zile za Mzungu. Ili kuipata, wakaguzi walikuja mpaka nyumbani kwako. Waliangalia kama mnakula mezani kwa kisu na uma, kama choo ni safi, kama watoto wanavaa vizuri, kama mke anajua kupokea wageni. Lumumba aliomba, akakataliwa, akaomba tena, na mwaka 1954 akaipata.

Lakini karte haikuongeza mshahara. Karani Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya kile alicholipwa Mzungu aliyekaa karibu naye kwa kazi ileile. Meza, viti, vyombo, suti, vitabu na wageni vilitaka feza ya Mzungu. Bahasha ya mwisho wa mwezi ilileta feza ya Mwafrika. Na juu ya hayo, jamaa wa kijijini wanaposikia mtoto wao amekuwa mkubwa mjini, hawaulizi mshahara ni ngapi. Wanakuja.

Mwaka 1956 Lumumba alichaguliwa kwenda Ubelgiji pamoja na Wakongomani wengine waliosoma, kutembelea inchi ile. Ilikuwa heshima kubwa. Aliporudi, mwezi wa Julai mwaka uleule, alikamatwa. Katika hesabu za cheki za posta kulikosekana franka karibu 126,000, sawa na dola 2,500 za wakati ule. Yeye mwenyewe alikubali kwamba aliichukua, akaeleza kwamba mshahara haukutosha kwa maisha aliyotakiwa kuishi, na kwamba alikusudia kurudisha.

Wapendwa, tusimame hapo kidogo. Watu wengi wameandika kwamba Wabelgiji walifurahi kumpata na kosa, kwa sababu alikuwa ameanza kusema sana. Inawezekana kabisa. Lakini kosa lilikuwepo, na lilizaliwa kwa njia ambayo sisi wote tunaijua. Huyu alikuwa mtu mwenye akili nyingi, mwenye kazi nzuri kuliko Waafrika wengi wa mji wake, na aliongoza vyama. Hakukuwa mlevi wala mvivu. Alipima maisha yake kwa kipimo cha jirani, akalipa kwa mfuko wake mwenyewe, na mfuko ulipokwisha mkono ukaenda kwenye feza ya watu. Kusudio la kurudisha lilikuwepo. Kila mwenye deni anakuwa na kusudio hilo.

Mahakama ilimhukumu miaka 2 ya gereza. Kisha jambo likatokea ambalo kwa chama kama chetu lina uzito. Evoluwe wa Stanleyville, wale aliowaongoza, hawakumwacha. Walichanga, na feza ya posta ikarudishwa. Adhabu ikapunguzwa, na mwaka 1957 akatoka. Katika gereza hakukaa bure: aliandika kitabu kizima juu ya Kongo, ambacho kilitolewa baada ya kifo chake, mwaka 1961.

Kazi ya posta ilikuwa imekwisha. Hakurudia maisha yale ya Stanleyville. Alienda Léopoldville, akapata kazi kwa kampuni ya pombe, Bracongo, kazi ya kuuza bia ya Polar. Huko alilipwa vizuri zaidi kuliko posta, akazunguka mjini kote, akajulikana na watu wa kila mtaa. Hatutadanganya kwamba aligeuka kuwa mtu wa kubana feza, kwani mkono wake ulibaki wazi kwa watu. Ila tofauti ilikuwa hii: sasa mshahara ulikuwa mkubwa zaidi.

Yaliyofuata mnayajua. Mwezi wa Oktoba 1958 alishiriki kuanzisha chama cha MNC, na Desemba akaenda Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote. Mwisho wa mwaka 1959 alikamatwa tena Stanleyville, safari hii kwa siasa. Januari 1960 aliletwa huku kwetu, gereza la Jadotville, ndiyo Likasi, akakaa siku chache tu, akatolewa kwenda Bruxelles kwenye mazungumzo ya uhuru. Tarehe 30 Juni 1960 alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Julai Katanga ikajitenga. Septemba aliondolewa madarakani, Desemba akashikwa akiwa njiani kurudi Stanleyville. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa kwa ndege Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule wote watatu waliuawa, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Alikuwa na miaka 35. Siye watu wa Katanga tunaibeba habari hiyo kwa uzito.

Mwili wake uliharibiwa kusudi asipate kaburi. Likabaki jino moja, lililochukuliwa Ubelgiji. Juni 2022 jino lile lilirudishwa, likapitishwa Onalua, Kisangani na huku Katanga mpaka Shilatembo mahali alipouawa, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Naye pia, tunaweza kusema, ni mtu aliyerudishwa nyumbani.

Sasa turudi kwenye sanduku letu.

Wengi wetu tulirudi Kolwezi kutoka Angola na Zambia mikono mitupu. Tulikuta mji ambao feza inapita haraka. Mwenzako anauza mifuko yake Musompo siku bei ni nzuri, jioni analeta televisheni na viti vipya. Wewe uliyemwona unasikia nyumba yako imekuwa ndogo. Lakini bei ya kobalti haina rafiki. Ilipanda sana mwanzo wa mwaka 2018, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya nusu. Viti vilivyokopwa wakati wa bei kubwa vililipwa wakati wa bei ndogo, na waliokuwa na deni wakakimbilia banki lambert.

Hesabu ya banki lambert ni fupi. Mara nyingi unapokea dola 100, mwisho wa mwezi unarudisha 150. Ukikosa yote, unalipa 50 ya faida tu, na 100 inabaki pale. Fanya hivyo miezi 4: umetoa dola 200, na bado una deni la 100. Huyo mtu hajanunua kitu chochote. Amenunua wakati tu, na wakati umekwisha.

Waliosema tusilipe wana haki upande mmoja: tukitia feza mkononi mwa mwenye deni bila kujua ilikopotelea, tunamfungulia nafasi ya deni jingine. Waliosema tulipe nao wana haki: mtu aliye ndani ya hesabu ile hatatoka kwa kubana matumizi peke yake, faida inakimbia kuliko miguu yake. Wenzake Lumumba walifanya nini? Walichanga wakati hesabu ilikuwa wazi, kila mmoja anajua ni franka ngapi. Feza ilirudi kwa mwenyewe. Na yule waliyemsaidia hakubaki katika maisha yaliyomwangusha. Sisi tunaona ni mambo hayo matatu yaliyofanya msaada ule usipotee.

Hasara yake Lumumba ilikuwa kwamba hesabu ilifunguliwa na polisi. Sisi tunaweza kuifungua wenyewe, mapema, mbele ya wenzetu, bila gereza.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo hili mbele ya mkutano ujao.

Mwanachama mwenye deni alete daftari. Aandike deni zote, hata zile ambazo mke ao mume hajui, na matumizi ya kila siku kwa mwezi mzima, kuanzia unga na makala mpaka yunite za simu na chupa ya Simba. Wale tuliojaribu tumeshangaa. Unga wa meka na makala ya mfuko mdogo vinakula zaidi kuliko gunia lililonunuliwa na nyumba nne kwa likelemba. Nguo moja ya matanga ilikuwa sawa na minervali ya mtoto ya miezi kadhaa.

Akae na watu watatu wa kamati, waondoe pamoja vitu vinavyoweza kuondoka. Si chakula wala masomo. Ni vile tunavyonunua kwa sababu ya macho ya watu.

Kisha sanduku limlipe banki lambert moja kwa moja, lisitie feza mkononi mwa mwanachama. Yeye atarudisha kwa sanduku kidogo kidogo kila mwezi, bila faida, na mpaka amalize hatakopa mahali pengine. Mara moja tu kwa kila nyumba.

Kwa wafadhili wetu: hatuombi feza mpya kwa kazi hii. Tunaomba ruhusa kwamba sehemu ndogo ya sanduku itumike hivi, na tutawaonyesha ilivyozunguka.

Kuna mama mmoja katika chama chetu, muuza sombe sokoni, aliyeleta daftari lake kabla hatujamaliza kuandika habari hizi. Alikuwa amelificha deni lake miezi 7. Alipofungua ukurasa wa kwanza alilia, kisha akatuomba kalamu kwa sababu alikumbuka deni jingine. Tuliandika nalo. Jumla ilikuwa kubwa, lakini sasa ina mwisho.

Mkutano utakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada. Njooni na daftari zenu.