Johannes Reuchlin: Mkristo Aliyevitetea Vitabu vya Wayahudi

Ndugu msomaji, mtu akikuambia kwamba kitabu cha dini nyingine kinastahili kuchomwa moto, mwulize kwanza kama amekisoma. Kwa ajili ya jambo hilo Johannes Reuchlin alipata taabu kubwa.

Alizaliwa Pforzheim, Ujerumani, mwaka 1455, akawa mwanasheria. Siku zile Kanisa la Roma lilitegemea Biblia ya Kilatini, lakini Reuchlin alitamani kuisoma Taurati katika lugha yake ya asili. Mwaka 1492, akiwa na umri wa miaka 37, hakuona haya kuketi mbele ya Myahudi, Jacob Loans, tabibu wa Kaisari Frederick III, amfundishe Kiebrania. Mwaka 1506 alitoa kitabu cha sarufi na kamusi ya lugha hiyo, na humo akaonyesha mahali ambapo tafsiri ya Kilatini ilihitilafiana na asili. Alimheshimu sana Jerome, mfasiri wa kale, lakini ukweli aliuweka juu yake.

Mwaka 1509 Johannes Pfefferkorn, Myahudi aliyeingia Ukristo, alipata amri ya Kaisari Maximilian ya kuwanyang'anya Wayahudi vitabu vyao. Mwaka uliofuata Kaisari alitaka rai za wanavyuoni. Reuchlin akajibu kwamba Talmud haiwezi kuhukumiwa na watu wasioisoma. Akakiri kuwa yeye mwenyewe hajaisoma. Alishauri Kiebrania kifundishwe vyuoni, na Wayahudi wajibiwe kwa hoja, si kwa moto.

Kwa maneno hayo alishtakiwa kama mzushi. Mwaka 1514 mahakama ya askofu wa Speyer ilimwachilia, lakini mwaka 1520 Roma ikamhukumu. Alifariki mwaka 1522, angali Mkatoliki. Hata hivyo, mpango wa Pfefferkorn haukutimia.

Fikiri basi, msomaji mpenzi: mjuzi huyu alilazimika kutafuta kwa wengine maneno ya asili ya Kitabu alichokiamini. Waislamu wamekihifadhi Kiarabu cha Kurani Tukufu, na tafsiri ya Kiswahili iliyotolewa na Jumuiya ya Ahmadiyya mwaka 1953 ilipigwa chapa pamoja na Kiarabu chake, ili kila mtu aweze kulinganisha.

Nawe unayetafuta haki, usihukumu kwa kusikia tu. Soma vyetu, soma na vya wengine, kisha upime. Mwenyezi Mungu atuongoze sote katika njia iliyonyoka. Amin.