ANTHONY FOKKER, FUNDI WA NDEGE (1890-1939)



Nani kati yetu hakutengeneza gari la waya ama ndege ya mabua wakati wa utoto? Huko Ulaya na Amerika hata watu wazima wananunua sanduku lenye vipande vidogo vya ndege ya zamani, wanavibandika kwa gundi moja moja, mpaka ndege yenyewe inatokea, inakaa juu ya kiganja. Ndege za Anthony Fokker hazikosi katika masanduku hayo. Lakini nyuma ya ndege hizo kuna mtu, na maisha yake yanatuhusu sisi tunaokaribia kutoka hapa shuleni.

Fokker alizaliwa mwezi wa 4 mwaka 1890 katika kisiwa cha Java, kilichotawaliwa na Uholanzi wakati ule. Baba yake alikuwa na shamba la kahawa. Mtoto alipofika miaka 4, jamaa ilirudi Uholanzi, katika mji wa Haarlem. Masomo hakuyapenda hata kidogo, na sekondari hakuimaliza. Kazi yake ilikuwa kujifungia katika chumba cha juu, chini ya paa, akitengeneza treni ndogo na ndege ndogo. (Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wasichukue hiyo kuwa ruhusa ya kukimbia darasa!)

Mwaka 1910 baba yake alimtuma Ujerumani kujifunza ufundi wa magari. Kumbe kijana alikuwa na shauri lingine. Mwaka uleule alijenga ndege yake ya kwanza, akaiita Spin, maana yake Buibui, kwa sababu ya waya nyingi zilizoifunga kila upande. Mwenzake aliigongesha kwenye mti, ikavunjika. Fokker hakukata tamaa, akajenga nyingine. Mwaka 1911 alirudi Haarlem na Buibui ya tatu, akairusha juu ya mji wake, na wale waliomjua kama mtoto asiyependa shule wakamtazama kwa mshangao.

Mwaka 1912 alifungua kiwanda karibu na Berlin. Miaka miwili nyuma yake vita vikaanza, na jeshi la Ujerumani likataka ndege zake. Mwaka 1915 yeye na mafundi wake walitengeneza chombo kilichoifanya bunduki ipige risasi mfululizo katikati ya mapanga yanayozunguka mbele ya ndege, bila kuyavunja. Hapa, ndugu, ndipo penye neno. Katika kitabu alichotoa mwaka 1931, Fokker alisimulia kwamba wakubwa wa jeshi walimtaka aende mwenyewe kuangusha ndege ya adui, wapate kuona kama chombo ni kizuri. Akapanda, akaiona ndege ya Wafaransa mbele yake, kidole kikiwa tayari. Akafikiri juu ya wale watu wawili waliokuwa ndani. Hakupiga, akarudi chini. Lakini chombo alikiacha mikononi mwa wengine, nao wakapiga. Vijana wengi walikufa.

Vita vilipokwisha mwaka 1918, washindi walidai kwa jina ndege zake zote za aina ya D.VII. Yeye akapakia ndege na motere ndani ya treni, akazivusha kwa siri mpaka Uholanzi, na mwaka 1919 akaanza upya huko Amsterdam. Safari hii alijenga pia ndege za kubeba watu. Mwezi wa 2 mwaka 1935, Fokker moja ya motere tatu ya SABENA ilitoka Brussels ikafika Léopoldville, Kinshasa ya leo, kufungua njia ya ndege kati ya Ubelgiji na Kongo.

Tena alipata aibu. Mwaka 1931, huko Marekani, bawa la Fokker moja lilikatika angani, watu 8 wakafa. Mabawa yake yalikuwa ya mbao na gundi, na maji yalikuwa yameingia ndani. Fokker mwenyewe alikufa New York mwezi wa 12 mwaka 1939, mwenye miaka 49 tu.

Mikono ileile iliyobandika ndege ndogo chini ya paa ilijenga ndege ya kuua na ndege ya kusafirisha. Sisi wa mwaka wa mwisho tunatafuta diploma, na ni vizuri. Lakini siku moja mtu atakuja kununua ujuzi wetu. Tusingoje mpaka kidole kiwe tayari ndipo tuanze kujiuliza kazi hiyo ni ya nini. Tujiulize mbele ya kumpa chombo.